Mawe Kumi na Tisa

"Jiwe la mwenzio usimwekee."

Ndivyo alivyosema mwenyekiti asubuhi ya leo, pale kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja ya mfereji, alipogundua kuwa mmoja wenu ameitikia jina la rafiki yake ambaye hakuja kuchimba. Mlicheka. Niliwaona mkicheka, na majembe yenu mabegani kama watu waliofanya kazi. Sasa mmekuja kuniuliza, "Bibi, mfereji na jiwe wapi na wapi?" Kaeni chini. Nitawaambia, lakini atakayecheka tena aende akachekee kwao.

Chanzo cha methali hii ni safari ya siku moja, na safari yenyewe haikuwa ya kufurahisha.

Mnaujua mgongo wa Ngurunga, ule mnaouona mkiinua macho asubuhi. Una vilele sita vilivyofuatana, na katikati hakuna kijito wala mti wa kujikinga upepo. Watu wetu wa Mkombo walikaa mwisho huu, na wakwe zao wa Ighare wakakaa mwisho ule. Mtu akitaka kwenda Ighare ilimpasa avuke vilele vyote sita kwa mchana mmoja, kwa sababu juu kule halali mtu. Baridi yake haikusemeshi. Inakukalia tu mpaka asubuhi, na asubuhi huamki.

Mwaka huo nzige walikuwa wamepita Mkombo. Walikula mahindi, wakala maharage, wakala hata majani ya nyumba. Watu wakabaki bila mbegu, na mvua zilikuwa zimekaribia. Wazee wakatuma salamu kwa wakwe, na wakwe wakajibu: njooni, tutawapa. Lakini Ighare nao walikuwa na kanuni yao, kwamba mbegu hupewa mgongo uliofika. Kila atakayefika atajazwa mzigo mmoja wa nyumba yake. Asiyefika, shamba lake litabaki tupu mwaka mzima.

Wakachaguliwa watu kumi na wanane. Kiongozi wao alikuwa Kiangi, mtu wa makamo aliyeuvuka mgongo ule mara nyingi kuliko alivyokwenda harusini. Miongoni mwao walikuwamo ndugu wawili, watoto wa mjane aitwaye Nambike. Mkubwa aliitwa Kajiru, mdogo aliitwa Senkondo. Senkondo alikuwa ameoa mwaka uliopita, na mkewe alikuwa mjamzito. Kajiru alikwenda kwa ajili ya nyumba ya mama, Senkondo kwa ajili ya nyumba yake mwenyewe.

Hapo zamani watu wetu hawakuhesabu watu. Ukimwonyesha mtu kidole ukasema huyu wa kwanza, huyu wa pili, ulikuwa kama unayaita mauti yaje yachague. Basi walipovuka mgongo, kila walipofika kileleni kila mtu aliokota jiwe moja na kuliweka juu ya mwamba bapa ulioko pale. Kiongozi akahesabu mawe. Yakitimia, wanaendelea. Yakipungua hata moja, safari inasimama, watu wanarudi nyuma kumtafuta aliyekosekana, na kama hawezi kwenda, anapewa wawili wa kumrudisha nyumbani. Msiudharau utaratibu huo. Uliwalinda watu miaka mingi.

Waliondoka jogoo wa kwanza. Kilele cha kwanza walikifikia jua likichomoza, wakaweka mawe, yakawa kumi na manane. Wakateremka kuelekea cha pili, na hapo kwenye mteremko wa kokoto Senkondo aliteleza. Aliinuka haraka, akajikung'uta, akacheka pamoja na waliomcheka. Goti lilikuwa limeteguka, lakini hakumwambia mtu. Kwenye kilele cha pili aliweka jiwe lake mwenyewe, huku jasho likimtoka na upepo ni wa baridi.

Baada ya hapo akaanza kubaki nyuma. Kajiru akapunguza mwendo mpaka wakawa pamoja, wenzao wamekwisha kupotelea nyuma ya tuta.

"Una nini?" akauliza.

"Goti, kaka. Limevimba kidogo."

Kajiru akainama akalitazama. Halikuwa limevimba kidogo. "Nitamwita Kiangi."

"Usimwite!" Senkondo alimshika mkono. "Kiangi atanirudisha. Nikirudi mke wangu atapanda nini? Mawe?"

"Nitakuombea mbegu huko."

"Unawajua watu wa Ighare. Mgongo uliofika. Hawatakupa." Akavuta pumzi. "Sikiliza, kaka. Mimi naja. Naja polepole, lakini naja. Wakikaa kupumzika nitawafikia. Wewe niwekee jiwe langu tu, Kiangi asijue kuwa nimechelewa."

"Na usipotufikia?"

"Kaka, njia ninaijua. Nenda."

Kajiru akaenda. Nimewahi kusikia watu wakisema alimwacha nduguye kwa uvivu au kwa wivu. Ni uongo. Alikwenda kwa sababu alimpenda, na kwa sababu aliombwa. Mimi namhurumia, na kumhurumia siyo kusema alifanya vizuri.

Kwenye kilele cha tatu watu walikuwa wamejibanza huku na huku nyuma ya miamba, kila mmoja akijificha na upepo. Kajiru aliweka jiwe, akazunguka mwamba, akaweka la pili. Kiangi akahesabu: kumi na manane. "Tumetimia," akasema, na watu wakajitwika mitungi yao ya maji. Kajiru alitazama nyuma. Alimwona nduguye mbali kwenye mteremko, mdogo, akichechemea na fimbo. Moyo ukamtulia kidogo. Anakuja, akajiambia.

Kabla hawajafika cha nne, ukungu ukapanda kutoka bondeni. Ule ukungu wa Ngurunga haubishi hodi. Wakashikana ncha za nguo, kila mtu akifuata kisigino cha aliye mbele yake. Kileleni Kajiru akaweka mawe mawili tena. Kiangi akayapapasa kwa vidole kwa sababu hakuyaona vizuri, akasema, "Tumetimia."

Hapo Kajiru alitaka kusema. Alifungua kinywa kabisa. Lakini akafikiri: nikisema sasa, nitasema pia kwamba nilidanganya kule nyuma. Watu wote watarudi, siku itaharibika, na Senkondo atapoteza mbegu yake kwa mdomo wangu, pengine yuko hapo tu hatua mia moja. Akafunga kinywa. Uongo wa kwanza alikuwa ameombwa. Huu wa pili hakuombwa na mtu, aliuchagua mwenyewe. Kwenye kilele cha tano aliweka mawili; la kwanza lilimponyoka akaliokota, na mtu wa jirani akamwambia, "Baridi imekupata wewe."

Kwenye kilele cha sita Kiangi alihesabu, akachukua baragumu, akapuliza mara kumi na nane. Ndiyo ilikuwa desturi. Watu wa Ighare husikiliza kule chini, na kwa kila mlio huandaa bakuli moja.

Wakateremka jua likizama. Wakapokelewa, wakaoshwa miguu, wakaketi uani kuzunguka moto. Akina mama wa Ighare wakapita na mabakuli ya mti yenye makande ya moto, wakimpa kila mtu lake. Mama wa mwisho akafika mwisho wa duara na bakuli mkononi, akasimama.

"Hili la nani?" akauliza.

Watu wakatazamana. Kila mtu alikuwa na lake.

"Ulipuliza kumi na nane, Kiangi," yule mama akasema. "Mimi mwenyewe nilisikiliza."

Kiangi akaweka chakula chake chini. Akatazama uso kwa uso, na safari hii hakujali mauti wala mwiko. Alihesabu watu kwa kidole. Alipomfikia Kajiru, Kajiru alikuwa ameinamia bakuli lake, hajala hata punje.

"Kajiru. Mdogo wako yuko wapi?"

"Anakuja," akasema Kajiru.

"Yuko wapi?"

"Goti lilimuuma. Aliniomba nimwekee jiwe."

"Vilele vingapi?"

Kajiru alinyoosha vidole vinne.

Mtu asidhani hawakujaribu. Kiangi na vijana wanne walitoka saa ile ile na mienge. Upepo ukaizima, ukungu ukawafunga macho, na mmoja wao nusura aangukie korongoni. Wakarudi. Kulipopambazuka walipanda wote, Kajiru mbele.

Kwenye kilele cha sita mawe yalikuwa kumi na manane. Kwenye cha tano, kumi na manane. Kwenye cha nne Kiangi akahesabu, kisha akahesabu tena. Yalikuwa kumi na tisa.

Mmeelewa, wajukuu zangu? Senkondo alifika pale. Aliwakuta wamekwisha kuondoka, na jiwe lake limekwisha kuwekwa, lakini hakujua ni lipi. Akaokota la kwake akaliweka, kama mtu aliye pamoja na wenzake. Kajiru alipoliona alipiga magoti, akawa anashika jiwe moja baada ya jingine, eti anatafuta lile la nduguye.

Kutoka kilele cha nne mgongo unagawanyika. Njia inashika kulia, na kushoto kuna ubavu unaokwenda ukaishia kwenye jabali. Mtu mwenye macho hawezi kukosea. Katika ukungu, akiwa peke yake, hana kisigino cha kufuata, angewezaje kujua? Walimkuta mwisho wa ubavu ule, ameketi, ameegemea mwamba. Alikuwa amevua mgolole wake na kulifunga goti kwa huo, ili aendelee kutembea. Kifua chake kilikuwa wazi. Alikuwa amekauka kwa baridi.

Walimzika Ighare. Wakwe wakatoa mizigo kumi na saba, wakasema kanuni ni kanuni. Kajiru alijitwika wake, akauvusha mgongo, na kabla hajaingia kwa mama yake akaupeleka kwa mke wa Senkondo, akautua mlangoni. Nyumba ya mama haikupanda kitu mwaka ule.

Nambike hakumpigia kelele. Alimkalisha, akauliza, "Aliomba nini?"

"Jiwe, mama."

"Ukampa jiwe." Akamtazama begani. "Na bega lako, Kajiru, ulikuwa umemwekea nani?"

Wazee wa Mkombo walitaka kumtoza ng'ombe, lakini Kiangi akakataa, akasema, "Nitozeni na mimi. Mimi nilihesabu mawe, nikadhani nimeona watu." Tangu siku hiyo kiongozi huita majina kileleni, na kila mtu huitika kwa sauti yake ndipo aweke jiwe lake.

Mwaka uliofuata walivuka tena. Kajiru alikwenda, ingawa kwa mwaka mzima alikuwa amesema maneno machache sana. Walipokaribia kilele cha tatu, kijana mmoja alikaa chini kwenye njia, hoi, akamwambia rafiki yake, "Tangulia. Wakiita jina langu, itika, na uniwekee jiwe. Nakuja." Rafiki yake akacheka, akasema haya, akaanza kwenda.

Kajiru alikuwa nyuma yao. Akamshika yule rafiki kifundo cha mkono, akamrudisha, akamkalisha kando ya mwenzake, kisha na yeye akaketi. Kule juu Kiangi alikuwa ameanza kuita majina. Matatu yaliitwa, hayakuitikiwa, na safari nzima ikasimama katika upepo.

"Watatukasirikia," akasema kijana.

"Wakasirike," akasema Kajiru. "Jiwe la mwenzio usimwekee."