Paa la Digori

Hapo zamani, ng'ambo ya mbali katika nchi ya Waingereza, palikuwa na kijiji kidogo kiitwacho Ashkombe, na juu yake, kilimani, jumba la mawe la Lodi Hamfri, bwana mwenye ardhi yote ile. Jumba lile walilijenga mababu wa wanakijiji, ikawa desturi kila ukoo kutunza sehemu uliyoijenga. Mlango ulikuwa wa akina Bi Maudi, mjane. Paa lilikuwa la Digori, fukara asiye na mbele wala nyuma, ambaye watu walimwita mpumbavu. Mvua ikinyesha, Lodi hupaza sauti dirishani, "Digori! Paa lako linavuja!" Naye Digori hupanda akaziba, ujira wake shukrani, na hiyo nayo hakupewa.

Basi siku moja Lodi akachukizwa na moshi wa majiko ya wanakijiji. Alitaka akiwa mezani aone nyasi na kulungu tu. Akawaita wote uani, akanena, "Kesho navibomoa vibanda vyenu. Kila mtu achukue kilicho chake, aende zake. Msiniachie hata msumari!"

Watu wakaangua kilio, na mimi ningelia pia, maana hawakuwa na pa kwenda. Digori peke yake akainama kwa adabu, akasema, "Tumesikia, bwana wetu, na tutatii."

Asubuhi, Lodi angali kitandani, tone la mvua likamdondokea puani. Akatazama juu, akaona mawingu, na Digori amekaa juu ya boriti akishusha vigae.

"Ewe mwendawazimu! Wafanya nini?"

"Nachukua kilicho changu, bwana. Miaka yote waniambia paa hili ni langu."

Lodi akakimbilia mlangoni na nguo zake za kulalia. Mlango haupo, Bi Maudi keshaubeba kichwani! Na wale wa ukoo wa ukuta walikuwa wakitafuta pa kuanzia.

"Simameni!" akalia. "Mkichukua vyenu vyote, mimi nitabaki na nini?"

"Nyasi na kulungu, bwana wangu," akajibu Digori, "kama ulivyotaka."

Lodi akaketi kizingitini, mvua ikamlowesha, aibu ikamshika. Kisha kicheko kikamshinda. Akaapa mbele ya wote kwamba hapana atakayehamishwa Ashkombe, si zama zake wala za wanawe. Digori akarudisha vigae, safari hii kwa ujira na bakuli la supu ya moto.

Ulimi hauna mfupa, lakini wa Lodi ulifunzwa adabu. Tangu siku hiyo, mvua ikinyesha, alisikika dirishani akiita kwa upole, "Digori, ndugu yangu, paa letu linavuja."