Mikonge ya Mzee Lesikar

Amani huchumwa penye ukoka.

Asubuhi mama yenu mdogo aliwatupia maneno hayo ninyi wawili msiosemezana, mkacheka, na mmoja wenu akauliza tangu lini amani ikachumwa kama mchicha. Haya, wekeni simu chini. Inachumwa, na mtu wa kwanza kuitamka methali hii aliichuma kwa mkono wake mwenyewe. Chimbuko lake ni hili.

Hapa kwetu, chini ya mlima Meru, kulikuwa na mzee aliyeitwa Lesikar. Ua wake ulikuwa na ukoka mzuri kuliko nyua zote za upande huu, mfupi na mzito, umejitandaza kutoka mlangoni hadi langoni. Mgeni hakuhangaika kutafuta kiti kwa Lesikar. Alikaa chini, akanyoosha miguu, akaletewa maziwa. Aliyeutunza ukoka ule alikuwa mwanawe, Mbayani, kijana mwenye mkono mwepesi wa fyekeo.

Mila yetu ya nyasi mnaijua, ingawa mnajifanya mmeisahau. Aliyekukosea huja hadi uani kwako, akainama, akachuma nyasi mbichi, akazishika mbele yako. Mwenye nyasi mkononi hapigwi wala hafukuzwi. Ukizipokea, yamekwisha. Lakini wazee wa hapa walishikilia jambo moja: nyasi lazima ziwe za ua wa anayeombwa. Za kubeba kutoka kwingine hazikuhesabiwa, maana nani ajuaye zilichumwa kwa ajili ya nani?

Sasa, mtamba wa Lesikar alivimbiwa malishoni akafa, na mchungaji alikuwa Mbayani. Mzee alipandwa na hasira. Mbele ya wazee wa rika lake alisema, "Huyu si mwanangu. Mwanangu hawezi kuwa mzembe hivi." Mbayani naye, damu inachemka, akajibu, "Basi na mimi sina baba." Akamchukua mkewe, Naisiae, wakahamia ng'ambo ya mto. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tangu siku ile Lesikar hakutulia. Akikaa, anasimama. Akienda zizini, anarudi bila kufanya alichoendea. Na ukoka, kwa kukosa mfyekaji, ukarefuka, ukaingia hadi kwenye maharage. Kila alipoutazama aliliona jina la Mbayani limeandikwa pale. Alichukia kuuona, na alichukia zaidi kwamba alichukia.

Safari moja mjini aliona mbele ya jengo moja mkonge wa mapambo, ule wa majani manene yaliyojaa maji, yenye milia ya manjano na ncha kali kama sindano. Ulikuwa umesimama wima kwenye kokoto, haumtazami mtu. Akaupenda papo hapo. Akarudi na gunia la machipukizi.

"Huu haukatwi," alimwambia mkewe, Nasieku. "Haunyweshwi. Jua likiwaka, wenyewe unakunywa maji yake ya ndani. Ukoka ni mtumwa wa kila mtu. Ukiuacha mwezi mmoja unakuaibisha."

"Na mgeni atakaa wapi?" Nasieku akauliza.

"Mgeni ana miguu, asimame."

"Haya, baba. Ila ukoka ukikanyagwa unainuka. Huo wako ukikanyagwa, anayeumia ni aliyekanyaga."

"Ndiyo maana naupanda!"

Aling'oa ukoka wote, mizizi na vikonyo, akauchoma. Akamwaga kokoto, akapanga mikonge kwa mistari. Watu walikuja kuushangaa ua ule, wakausifu kwamba umekuwa kama wa mjini. Wakasifu wakiwa wamesimama, halafu wakaenda zao. Lesikar alibaki akizunguka kati ya mistari, akinyoosha kokoto zilizokuwa zimenyooka tayari.

Mvua zilipokwisha, habari ikavuka mto: Naisiae amejifungua mtoto wa kiume. Hapo ndipo mzee alipopata taabu hasa. Mtoto wa kwanza wa mwanawe hajabarikiwa na babu yake, na babu mwenyewe angali hai, ana mate kinywani ya kumtemea baraka! Alitaka kumwona mtoto yule kuliko alivyotaka kula. Lakini atangulie yeye? Yeye aliyeambiwa kuwa si baba? La. Mbayani aje na nyasi, naye atazipokea kabla hazijanyooshwa vizuri. Hilo alishaliamua moyoni, na kila mbwa alipobweka alichungulia njiani.

Mbayani akaja kweli, asubuhi moja, na mkewe nyuma amembeba mtoto. Lesikar aliwaona kutoka mlangoni, moyo ukamruka. Alijikaza, akasimama kama mzee anayestahili kuombwa, akasubiri.

Mbayani aliingia langoni, akainama kwa mazoea. Mkono wake ukashika kokoto. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Alihama hatua chache, akainama tena, akapekua chini ya mikonge. Hapakuwa na unyasi hata mmoja. Kutoka nje akachume kando ya njia ni bure, zingekuwa nyasi za njia. Jasho likamtoka. Mwisho, kwa kukosa la kufanya, akavunja jani la mkonge, akalishika mbele yake, utomvu ukimchuruzika kiganjani na mwiba umeelekea kifuani kwa baba yake.

Lesikar akaliona jani, hakumwona mtu.

"Umenijia na mwiba nyumbani kwangu?"

"Baba, nimekosa nyasi. Hili nalo ni bichi, la kijani."

"Hata nyoka ni kijani! Unanidhihaki mbele ya mkeo?"

"Sikudhihaki, baba. Niambie basi nichume wapi."

Badala ya kukiri kwamba ukoka hana, mzee aliinama akanyoosha kokoto zake. Mbayani alingoja. Utomvu ulikuwa umeanza kumwasha, kiganja kimekuwa chekundu. Akaliweka jani chini taratibu, akamgeukia mkewe, wakaondoka. Lesikar hakuuona hata uso wa mtoto.

Nasieku alitoka jikoni akilia waziwazi. "Alikuja kuomba," alisema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyechoma msamaha wake."

Mzee alizunguka nyumba. Alizunguka tena. Aliingia ndani akaketi, akasimama kabla kitanda hakijalia. Kisha akachukua fimbo, akashika njia ya mtoni bila kuaga. Njiani alikuwa na hoja yake: atamwita kijana arudi, atamwonyesha mahali pa kuchuma, mambo yaende kwa utaratibu. Wapi hasa pa kuchuma, hakujua.

Kwa Mbayani palikuwa na kibanda tu na zizi dogo, lakini mbele ya kibanda ukoka ulikuwa umejitandaza mfupi, mzito, umekatwa juzi. Lesikar alisimama langoni. Bila kufikiri, akainama akachuma konzi moja. Nitampa, aliwaza, azishike mbele yangu, tumalize.

Naisiae akatokea mlangoni na mtoto, akapiga ukelele. "Mbayani! Toka uone! Baba yako ameshika nyasi!"

Ndipo Lesikar akatambua alipo. Huu haukuwa ua wake. Mwenye nyasi mkononi alikuwa yeye, na ua ulikuwa wa mwanawe. Majirani wawili waliokuwa wakipita walisimama kutazama. Vidole vilitaka kufunguka. Angeweza kusema amechuma za ndama, na nani angembishia?

Mbayani alitoka, akamkuta baba yake ameshika konzi ya ukoka.

"Baba," aliuliza polepole, "unaomba nini?"

Mzee alizisogeza nyasi mbele. "Nilisema si mwanangu," akajibu. "Nilisema mbele za watu. Na hawa watu nao wasikie: nilikosa."

Mbayani alizipokea nyasi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, na mkono wa baba ukatua juu yake. Kisha Naisiae akamsogeza mtoto, na babu akambariki huku analia, baraka na machozi vikachanganyika usoni mwa yule mdogo.

Siku chache baadaye jirani alifika kuomba machipukizi ya mikonge, naye aupendezeshe ua wake. Alimkuta Lesikar akiing'oa kwa sururu.

"Chukua yote," mzee akamwambia. "Ni mizuri, siisingizii. Panda huko kwenye uzio. Lakini mbele ya mlango acha mahali ambapo mtu ataweza kuinama, kwa sababu amani huchumwa penye ukoka."