Tonge la Baba

Hadithi, hadithi!
— Njoo, tumekwisha nawa!
Nije na nini?
— Njoo na mboga, ugali tunao!

Haya, kaeni vizuri. Hii ninayo mimi peke yangu. Shule niliiachia darasa la nne, si kwa ujinga, jamani. Mwalimu aliona nammalizia hadithi zake.

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanapika, alikuwepo Mama Buku, yule panya mkubwa wa porini. Alikuwa mjane, ana watoto watatu: Kijino, Kimkia na mdogo wao Kitinda. Baba yao alitoka siku moja kwenda kutafuta kuni. Hakurudi. Kilichookotwa njiani ni mkia wake tu.

Jioni moja Mama Buku anasonga ugali, pwata, pwata, pwata. Kijino analia njaa. Kimkia anavuta kanga ya mama. Kitinda kaingiza mguu kwenye bakuli la mlenda. Mnazijua jioni za namna hiyo. Mara mlangoni: kwaru, kwaru.

"Hodi."

Sauti nzito. Mwiko ukasimama.

"Hodi."

Mama akaweka kidole mdomoni. Nyie, kimya!

"Hodi."

Na Kitinda, mtoto aliyefundishwa adabu, akaitikia: "Karibuuu!"

Basi tena. Enzi zile mgeni akishakaribishwa hafukuzwi, hata awe nani. Akaingia Chui. Kikaingia kichwa, yakaingia mabega, ukaingia mkia. Akaketi pale pale mlangoni, nyumba ikawa haina pa kutokea.

"Shikamoo, Bwana Chui," akasema mama, sauti nyembamba kama uzi.

"Marahaba, mama watoto. Nimefuata harufu."

"Ya ugali?"

"Ya watoto."

Watoto wakajibanza nyuma ya kinu: tete, tete, tete.

"Baba yao nilimla ana njaa," Chui akasema, anajilamba. "Mifupa mitupu, ikanikwama hapa kooni. Hawa walishe kwanza, washibe. Nitangoja. Mimi si mroho." Mate yakamdondoka: to, to, to.

Ndipo Mama Buku alipojua mumewe aliishia wapi. Machozi yakamjaa, akayasingizia moshi. Akafinyanga tonge.

"Kijino, fumbua." Kijino kafumba.
"Kimkia, fumbua." Kimkia kafumba.
"Kitinda, fumbua." Kitinda kafumba, meno yanagongana ndani kwa ndani.

Chui akanguruma. "Wasipokula naanza na wewe!"

"Ndivyo walivyo hawa, bwana mkubwa. Hawafumbui kinywa mpaka wamwone mkubwa kafumbua. Zamani baba yao ndiye aliyewaonyesha."

"Yaani mimi nishindwe na panya? Lete!"

Mama akachovya tonge kwenye mlenda. Na mlenda mnaujua, ukiingia kinywani hauombi ruhusa ya kushuka.

"Hili la bibi yao. Aaa!"
Chui: "Aaa!" Teleee, gubu!
"Hili la shangazi yao. Aaa!"
Chui: "Aaaa!" Teleee, gubu!

"Mmeona, nyie vipanya?" Chui akavimba kichwa. "Mama watoto, hayo ni matonge ya vichanga. Lete kubwa!"

"Kubwa lipo, bwana. Ila kwetu tonge kubwa huliwa macho yamefumbwa. Ndiyo heshima yake."

Chui akafumba macho. Mama akaepua chungu. Chini yake mafiga matatu, mekundu yanakutazama. Akachota moja kwa mwiko, akalivika ugali, akalitumbukiza kwenye mlenda. Chwiii!

"Nini hicho kinalia?"

"Mlenda, bwana. Umepata moto."

Akaliinua tena kwa mwiko. Figa likayumba. Likianguka hapa, jamani, hakuna watoto tena.

"Hili," akasema Mama Buku, na sauti sasa haikuwa uzi, "hili la baba yao. Aaa!"

Chui: "Aaaaaa!" Teleee, gubu!

Chui akafumbua macho. Akainama, akalitazama tumbo lake. Tumboni: chwiiiiii! Akaruka, akatoka na mlango shingoni, akakimbilia mtoni, akanywa gu gu gu, mvuke ukamtoka masikioni. Pu! Hakuinuka.

Mama Buku akakaa chini. Akafinyanga tonge.

"Haya. Nani anafumbua?"

Vinywa vitatu vikafumbuka kwa pamoja. Wakala mpaka ukoko.

Na kwa kuwa chungu hakikai juu ya mafiga mawili, kesho yake alikuja kuazima figa kwangu. Hajarudisha. Mnaobisha, nendeni jikoni kwangu mkaone chungu kilivyolala upande.

Sasa funzo, watoto, mlishike: ukilishwa, fumbua kinywa, fumba macho, usiulize ndani ya tonge mna nini. Na mtu akipiga hodi, itikia karibu upesi. Ndiyo adabu.

Hadithi nimeipakua. Aliyeshiba anawe, mwenye njaa alambe mwiko.
— Tumeshiba!

Haya. Ngojeni kwanza... mmesikia? Kuna mtu anapiga hodi.

Mbona hamwitikii?