Kicheko cha Kisimani

Mwinyi Dadi, tajiri wa kijiji, alimpokonya Mize minazi yake. Mize alipoidai, alionyeshwa kisima kikavu kilichowashinda wanaume.

"Siku kitakapotoa maji, chukua minazi yako."

Mize akashuka na jembe. Kila asubuhi alichimba huku akiimba na kucheka peke yake, hata tajiri akaja kuchungulia.

"Unacheka nini?"

"Bahati yangu, bwana. Naona nimeikaribia."

Tajiri akawaza dhahabu. "Toka humo. Watachimba watu wangu."

Mize akanung'unika kidogo, akatoka. Vijakazi na watwana wakachimba bila kupumzika, mpaka maji yakabubujika.

"Dhahabu iko wapi?" tajiri alifoka.

"Mimi nilisema bahati, bwana," Mize alijibu taratibu. "Naenda kuangua nazi zangu."