Dobi Aliyeisusa Sufuria ya Mkewe

Mbacha ni mkeka mkuukuu uliochakaa kwa kukaliwa. Msala wa kuswalia wa mpita njia huvutia macho, lakini mwenyewe akishaondoka nao, wewe uliyetupa mbacha wako utalala chini. Ndiyo maana wahenga wakatuonya. Dobi mmoja aliusikia wosia huo tangu utotoni, ukamwingia sikio hili ukatokea lile.

Majirani walimwita Mnyoosho. Alipiga pasi katika chumba chembamba chenye dirisha moja, joto likimkaba kutwa. Alifuata mtindo wa madobi wa zamani: alijaza maji mdomoni, akayapuliza juu ya nguo kama manyunyu, kisha akapitisha pasi. Kooni hayakushuka hata tone. Aliogopa kunywa kwa sababu siku moja alikimbilia chooni, akarudi na kukuta pasi imetoboa koti la bwana harusi.

Nyumbani, mkewe hakukosa kumpikia mboga za majani, akamkatia karoti na nyanya, akamwekea jagi la maji. Mnyoosho alikula na kunywa kwa raha mpaka alipopita mchuuzi mwenye koti jeupe na ulimi wa asali.

"Mzee, mboga zote unazozijua zimo ndani ya kidonge hiki," alisema. "Unameza, unaendelea na kazi."

Mnyoosho akanunua makopo, akaisusa sufuria ya mkewe.

"Baba watoto, hata maji hunywi?" mkewe alimuuliza.

"Maji ya nini tena? Mdomo wangu umelowa toka asubuhi!"

Maskini, hakujua anajichimbia shimo. Kichwa kilianza kumgonga, choo kikawa kigumu, mkojo ukageuka rangi kama chai isiyo na maziwa. Yeye akaongeza vidonge. Asubuhi moja macho yaliingia kiza, akaanguka kando ya meza ya pasi.

Majirani walimkimbiza zahanati, akatundikiwa dripu na kupimwa damu. Mkewe alikaa kwenye benchi roho mkononi. Kaka wa mke huyo alikuwa amefariki kwa maradhi ya figo, na yalianza vivi hivi. Mlango ulipofunguliwa, aliinuka.

"Mama, pumua," daktari alimwambia. "Figo zake nzima. Mwili umekaukiwa maji tu."

Mama wa watu alilia, akacheka, akalia tena. "Daktari, huyu mboga kaziacha kwa vidonge, na maji anayajaza mdomoni kutwa, halafu anawapulizia wateja!"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akamgeukia mgonjwa. "Mzee wangu, maji ndiyo yanayobeba virutubisho mwilini na kutoa taka. Mboga nazo zina nyuzinyuzi za kulainisha choo, zina vitamini, zina pia vitu vingi vidogo ambavyo mmea hujitengenezea. Hata ile rangi ya karoti ni kimojawapo. Vyote vinasaidiana. Kidonge hakiwezi kukaa mahali pa sahani."

"Na nguo za watu zikiungua nikienda haja?"

"Haja ndogo haiunguzi nguo, mzee. Zima pasi, halafu nenda."

Mnyoosho aliinamisha uso kwa haya, lakini moyoni alimshukuru Mungu kwa kila neno.

Jioni alikaa tena mbele ya sahani ya mboga. Alikula, akanywa maji, akajimiminia mengine.

"Nilijua nakuzika," mkewe alisema kwa sauti ndogo.

Mnyoosho alimshika mkono. "Nisamehe, mama watoto. Nilikuacha wewe unayenijua hata ninavyopumua, nikamwamini mtu nisiyejua hata anakolala."

Mkewe alifuta machozi, akampakulia tena.

Yule mchuuzi hakuonekana tena mtaani, wala hakuna aliyejua alikoelekea. Sufuria ilikuwa palepale jikoni, na mpishi wake alikuwa palepale pia. Hakika, usiache mbachao kwa msala upitao.