Jina la Mwanamke wa Mlango

Hapo zamani, na si ile zamani ya sungura kuongea bali zamani ya juzijuzi, simu zipo na bando linaisha kabla ya wiki, katika mji mmoja wa milimani wenye mvua nyingi na baridi ya kukaza vidole, aliishi mwanamke aliyeitwa Sekela. Sekela alifuma sweta za wanafunzi kwa mashine. Sekela alikuwa na watoto watatu na mume dereva wa lori, ambaye nyumbani alikuja kama mgeni: akala, akalala, akaondoka. Na Sekela huyo aliandika kitabu.

Kitabu kilimhusu mwanamke aliyefukuzwa na wakwe zake. Mwanamke akang'oa mlango wa nyumba, kwa sababu mlango ule aliununua mwenyewe, akaubeba mgongoni, akaondoka nao. Sura baada ya sura, mwanamke yule hakuwa na jina. Alikuwa "yeye", alikuwa "mwenye mlango", basi. Siku ilipofika ya kumpa jina, wanawake watatu walisimama mbele ya mashine ya sweta, na kila mmoja akasema: jina ni langu. Tulieni msikie ilivyokuwa, kisha mtaamua ninyi, maana Sekela alishindwa.

Sekela alikuwa mtu wa mipango. Kila Jumapili, watoto wakishakula, alichukua chaki akaandika kwenye ukuta wa jiko: Sura moja. Kusoma. Kutembea. Kulala mapema. Jumapili alipanga, Jumatano maisha yakapangua. Mtoto ameumwa sikio. Shule imetaka sweta za kijani, nyuzi za kijani zimeisha mjini. Ikifika Jumamosi ukuta unamcheka. Sura aliipigania hivyo hivyo, akaandika huku sufuria linachemka, mpaka siku moja kitabu kikafa. Kikafa kabisa. Maneno yaliisha. Kila mtu kitabuni alizungumza kama Sekela anavyowagombeza watoto. Mkwe aligomba vile, mganga aligomba vile, na hata punda, angepewa nafasi, angegomba vile vile.

Uani kwake aliishi dada wa mumewe, Subilaga. Hakujaliwa mtoto. Mtaa mzima, hata wasio ndugu, walimwita Wifi. Alikuja kuomba kaa la moto, akamkuta Sekela ameinamia mashine.

"Wifi, mbona mashine inalia na wewe unalia?"

"Silii. Nimeishiwa maneno."

"Mara ya mwisho kusoma kitabu ilikuwa lini?"

"Nisome saa ngapi? Macho yako kwenye nyuzi, mikono iko kwenye mashine."

"Na masikio yako wapi? Umeyaazimisha?"

Subilaga akasahau kaa lake. Akaenda kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa na sanduku la vitabu vilivyoliwa pembe na panya, akarudi nalo kichwani. Tangu siku hiyo, Sekela akifuma, Subilaga anasoma kwa sauti. Alisoma kama mtu anayegombea kiti. Mhusika akifanya upumbavu, Subilaga anafunga kitabu na kumtukana kwanza.

"Hapa anaeleza mawingu," anasema. "Tunaruka."

"Rudi! Soma mawingu!"

"Mawingu yenyewe si hayo hapo nje? Toka ukayatazame bure."

Lakini anarudi, anasoma. Na panya wakiwa wamekula ukurasa, Subilaga anatunga wake bila kumwambia Sekela, sauti ile ile, macho yale yale kwenye karatasi. Sekela alikuja kugundua baadaye kwamba kurasa zilizomchoma moyo zaidi hazikuwa kwenye vitabu. Basi watu wake wakaanza kusema kila mmoja kwa kinywa chake. Mkwe akawa na sauti tamu yenye sumu, mganga akawa na kigugumizi. Kitabu kikafufuka!

Kikafufuka, kikafa tena. Safari hii maneno yalikuwapo, waliokosekana ni watu wa kuyangoja. Sekela alimaliza sura akaitia kwenye mfuko wa nyuzi, akamaliza nyingine akaitia humo humo. Kitu kisichosubiriwa na mtu, ukikichelewesha hakuna anayekufokea. Alikosa wiki moja, hakuna aliyeuliza. Akakosa ya pili. Oda za sweta zilikuja, mfuko wa nyuzi ukasukumwa uvunguni.

Asubuhi moja alikwenda kutoa nakala ya cheti cha mtoto kwenye duka la steshenari. Lilikuwa duka la msichana aitwaye Atuganile, ingawa hilo jina hakuna aliyelitumia. Alikuwa Dada wa Steshenari tu. Sekela alipotoa cheti, karatasi ya sura iliyokuwa imenata nyuma yake ilitoka nacho. Atuganile akaiokota, akaisoma huku mashine yake ikipata moto. Mashine ikapata moto, ikapoa, yeye bado anasoma.

"Dada, halafu?"

"Halafu nini?"

"Mgambo amemsimamisha sokoni na mlango mgongoni, anamwambia atoe risiti ya mlango. Halafu?"

"Halafu nikapata oda ya sweta."

"Oda! Mtu yuko mbele ya mgambo, kijiji kizima kinatazama, wewe unaniambia oda? Nenda kalete zilizobaki. Nenda sasa hivi, cheti nabaki nacho mimi!"

Atuganile alikuwa na blogu. Aliweka humo bei za viazi na matangazo ya kazi, na waliosoma walikuwa wauza viazi na wasio na kazi. Ijumaa ile akaweka sura ya kwanza ya mwanamke wa mlango. Wauza viazi wakauliza: halafu? Ijumaa iliyofuata akaweka ya pili, wakaja watu wa miji ambayo Sekela aliijua kwa habari za lori tu. Halafu? Halafu? Wiki ambayo Sekela hakuleta kitu, Atuganile aliandika: "Mwandishi anafuma sweta za shule, mvumilieni." Watu waliwaka! "Mwambieni aache hizo sweta, watoto watavaa mablanketi," akaandika mmoja. Mwingine akaandika: "Mimi ni mwalimu mkuu. Naahirisha sweta. Leteni sura."

Sekela akasomewa hayo akiwa amesimama dukani, akacheka mpaka akashika kaunta. Sasa Ijumaa ilikuwa na wenyewe. Kitabu kikafufuka, kikapiga mbio.

Na mbio zile ndizo zilizokiua mara ya tatu. Sekela alikaa kufuma, akainuka kwenye mashine akakaa kuandika. Chakula chake kilikuwa chai ya sukari nyingi na makombo ya watoto. Usingizi aliuiba kama mtu anayeiba kuni za jirani, vipande vipande. Miguu ikavimba, viatu vikamkataa. Mwanamke wake kitabuni alikuwa amefika kwenye mto mpana usio na daraja wala mtumbwi, na Sekela hakujua atamvushaje. Kila akifikiri, kichwa kinagonga. Mchana mmoja akaanguka kutoka kwenye kigoda, kichwa kikatua juu ya bunda la nyuzi. Zahanati wakampima, wakamwambia presha imepanda, na akiendelea hivyo watoto watalelewa na mwingine.

Akarudi nyumbani, akafuta ukuta wote kwa kitambaa kibichi.

"Basi," akasema. "Kitabu hakiwezi kunila nikiwa hai."

Jirani yake, Mama Gwamaka, alimsikia kutoka uani. Huyu aliuza maziwa. Kila alfajiri alipanda kilima na makopo yake, akashuka, akapanda tena. Jina lake alilopewa na babaye lilikuwa Tusekile, lakini tangu amzae Gwamaka hakuna aliyemwita hivyo.

"Mama Lusajo," akaita, maana Lusajo ndiye kifungua mimba wa Sekela, "unafuma umekaa, unaandika umekaa. Hata kuku anayeatamia huinuka akala, akajikung'uta, akatazama dunia. Kesho nagonga mlango. Usipofungua naingilia dirishani, na dirisha lako ni dogo, utanilipia nguo."

Akagonga kweli. Akampa kopo moja abebe. Akamwondolea sukari kwenye chai, akampa maziwa. Usiku ukiingia alipita kupaza sauti ukutani: "Taa!" na taa ikazimwa. Sekela alimchukia kwa wiki nzima. Walipanda, Sekela anahema kama pasi ya mkaa.

"Nieleze yule wa mlango anavukaje," akasema Mama Gwamaka siku moja katikati ya mlima.

"Sijui! Ningejua ningekuwa nyumbani naandika!"

"Mashavu yamekuwa mekundu. Tua kopo, likalie."

Sekela akatua kopo, akalikalia. Ghafla akaruka kama aliyekalia siafu.

"Mama Gwamaka! Nilikuwa nalibeba, sasa linanibeba!"

"Utamwaga maziwa yangu!"

"Mlango ni mbao! Mbao inaelea! Anaulaza majini, anapanda juu, anapiga makasia kwa mikono! Mzigo unamvusha!"

Wakashuka mlima mbio, wanawake wawili wazima, makopo yanalia, mbwa wa watu wanawafukuza. Sekela aliandika sura ile kabla ya uji wa watoto kupoa. Tangu hapo alitembea kwanza, akaandika baadaye, na viatu vikamkubali tena. Kitabu kikafufuka, na hakikufa tena. Wiki kwa sura, sura kwa wiki, kikafika mwisho.

Hapo simu ikapigwa. Alikuwa mhariri wa kampuni ya vitabu, mtu aliyekuwa akisoma kwenye blogu kila Ijumaa kama wengine.

"Mama, tunakichapa," akasema. "Na cha pili tunakitaka, kwa mwendo huo huo, sura kwa wiki. Ila jambo moja. Mwanamke huyu lazima awe na jina, na jina hilo ndilo litakalokaa kwenye jalada. Jina moja, si msafara. Nitapiga kesho saa nne."

Sekela alipiga kelele, watoto wakapiga kelele, mtaa ukadhani kuna nyoka. Subilaga akaja mbio na mwiko. Mama Gwamaka akaja na kopo. Atuganile akaacha duka wazi. Walirukaruka, wakakumbatiana, wakaangusha kigoda. Kisha Sekela akawaambia habari ya jina, na kelele zikakoma kwa pamoja.

Kwa watu wale, mtoto akipewa jina lako, huyo ni somo wako. Utatajwa hata ukishazikwa. Kila mmoja pale alilijua hilo.

Kesho yake asubuhi walikuwa wamesimama mbele ya mashine.

"Wifi," akaanza Subilaga, "nisiseme mengi. Maneno ya kitabu hiki yalitoka wapi? Ulikuwa na punda anayegomba. Mimi ndiye niliyekusomea mpaka koo likakauka. Mna watoto ninyi, hata huyu Dada atazaa. Mimi sina aliyebeba jina langu. Mwite Subilaga."

"Habari za watoto usiniguse nazo," akasema Mama Gwamaka. "Ninao sita, na wote wamelifuta jina langu. Mama Gwamaka, Mama Gwamaka! Hata kwenye kadi ya zahanati. Maneno mazuri sawa, lakini marehemu ana maneno? Huyu alikuwa chini kwenye nyuzi. Na mtoni nani alimvusha? Mwite Tusekile."

"Mtoni alivushwa na mlango," akasema Atuganile, "wewe ulikuwa na kopo tu."

"We mtoto!"

"Samahani mama, lakini ukweli usemwe. Maneno mazuri na afya njema vingekaa uvunguni kwenye mfuko. Mhariri alikisoma wapi? Kilimani? Nimechapa kila sura, sikuchukua hata thumni. Na wasomaji wenyewe wananiita Admini. Admini! Mwite Atuganile."

"Ulikuwa unaandika bei za viazi," akasema Subilaga. "Umepata watu kwa kitabu chake, sasa unataka na jina?"

"Na wewe ulikuwa unaruka mawingu!"

Sekela akainua mikono. "Tuyachanganye. Subi, Tuse, Atu... Subituseatu."

Mama Gwamaka akaguna. "Hiyo dawa ya minyoo."

"Basi nimpe jina la mama yangu."

"Mama yako alisoma sura ipi?" wakauliza wote watatu, kwa mara ya kwanza asubuhi ile wakiwa kitu kimoja.

"Basi langu mwenyewe!"

"Mzazi hawi somo wa mwanawe," akasema Subilaga. "Unataka watu wacheke?"

Sekela akaketi. Cha pili kinatakiwa kuanza Jumatatu. Nani atasoma, mashine ikianza kulia? Nani atagonga alfajiri? Nani atauliza halafu? Alijua wanawake hawa. Hakuna atakayesema amekasirika. Mmoja ataanza kupatwa na mafua ya koo. Mwingine atabadilisha njia ya maziwa. Wa tatu mashine yake itakuwa imeharibika. Akimtaja mmoja atabaki na mmoja, na kwa mmoja hakuna kitabu. Hilo lilikwisha kuthibitika mara tatu.

Simu ikalia.

"Ndiyo, mama," akasema mhariri. "Mchoraji wa jalada yuko hapa na brashi mkononi. Jina?"

Subilaga ameshika kitabu kifuani. Mama Gwamaka ametua makopo yote mawili. Atuganile amefumba macho. Sekela amevuta pumzi, midomo imefunguka.

Haya, ninyi mnaosikiliza, acheni kutazamana, mwanamke wa watu yuko kwenye simu. Mmoja alimpa maneno, mmoja alimpa watu wa kumngoja, mmoja alimpa uhai wa kufika mwisho. Jalada ni moja, na jina ni moja. Je, nani alistahili?