Kifurushi cha Hadi

Kaeni, wapendwa. Nani hapa ana intaneti nyumbani? Nyosheni mikono, msiogope, leo siombi neno la siri. Naona mikono kumi na kitu. Haya, ninyi mlionyosha, nani ameridhika nayo? Yote imeshuka. Hata wa mzee wa kanisa umeshuka! Basi mfano wa leo ni wenu.

Palikuwa na mama mmoja mjane, huko Njombe kwenye baridi. Kazi yake ilikuwa kupika shule ya bweni, miaka thelathini akisonga ugali wa watoto wa wenzake. Wa kumzaa mwenyewe alikuwa mmoja tu, wa kiume, naye alikuwa akiishi Dar es Salaam. Nimesema Dar es Salaam, sikusema Ulaya. Ni basi moja, unapanda alfajiri, jioni umefika. Lakini miaka minne ilikuwa imepita mama hajaiona sura ya mwanawe.

Sauti alikuwa akiisikia. Kila Jumapili baada ya ibada, dakika tatu nne: "Shikamoo mama, huku tunaendelea vizuri." Sauti si haba. Lakini mama alitaka sura, jamani! Alitaka kuona kama mtoto anakula. Alitaka kuona kama lile shavu la marehemu baba yake limeshajitokeza. Akina mama mnanielewa, hawa wanaume wananitazama tu.

Siku moja akasikia tangazo redioni. Intaneti ya nyumbani, kifurushi cha Bila Kikomo, kasi hadi mega kumi. Akalipa, wakaja wakamfungia. Jumapili akavaa kitenge chake kizuri, akakaa mbele ya simu, akapiga ya video. Sura ikaja vipande vipande, jicho huku, mdomo kule, kisha ikaganda kabisa. Sauti ikasema, "Mama, mtandao wako mbovu. Panda kifurushi, nunua kikubwa zaidi."

Mama akapiga huduma kwa wateja. Mnaijua ile safari? Bonyeza moja, bonyeza tano, sikiliza muziki mpaka chai ipoe. Mwishowe binti mmoja akapokea, na sauti tamu kweli.

"Mama, kifurushi chako ni cha kasi ya hadi mega kumi."

"Hadi maana yake nini, mwanangu?"

"Maana yake inaweza kufika kumi."

"Na inaweza isifike?"

"Inaweza isifike, mama. Halafu naona umeshatumia sana mwezi huu, kwa hiyo kasi imepunguzwa."

"Si mliniambia bila kikomo?"

"Matumizi hayana kikomo, mama. Kasi ndiyo ina kikomo."

Msicheke, na ninyi mmeshaambiwa hivyo hivyo. Mama akashusha pumzi. "Mwanangu, mimi nimepika shuleni miaka thelathini. Ningewaambia wale watoto kwamba leo mnakula hadi sahani moja, wangenivunjia sahani kichwani."

Lakini alipanda kifurushi. Afanyeje? Akaenda cha kati, bado sura ikaganda. Akaenda cha juu kabisa, na nyama ya Jumapili ikageuka maharage. Na ili kasi isipunguzwe, akawa anazima ruta, ile mashine ya intaneti waliyomfungia, kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Siku sita anaitunza, anaiwasha Jumapili tu, saa kumi jioni, kwa ajili ya uso mmoja. Niambieni, nani kati yetu anamtamani mtu kiasi hicho?

Bado ikaganda. Akalalamika tena, ndipo kampuni ikamtuma fundi, baba mmoja mtu mzima, mwenye kitambi na ngazi begani. Ilikuwa Jumapili mchana. Fundi akakagua nguzo, akakagua waya, akaingia sebuleni akaangaza huku na huku.

"Mama, ruta iko wapi?"

Mama akachukua ufunguo shingoni, akafungua kabati la vyombo vya wageni. Akaondoa hotpoti, akaondoa masinia mawili, akaondoa sufuria kubwa la shughuli. Huko nyuma kabisa, ruta imekaa, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Fundi akashika kiuno. "Mama! Umeifungia kabatini?"

"Sasa baba, kitu cha bei hii nikiweke wapi? Mezani, kuku waje walale juu yake?"

"Umeizungushia masufuria pande zote. Mtandao utatokaje humo?"

Tucheke kidogo, lakini tusimcheke sana. Kwetu kitu cha thamani kinakaa kabatini, mnajua wenyewe. Wangapi hapa wana vikombe ambavyo havijawahi kuguswa na chai? Fundi akaitoa ruta, akaitundika ukutani, akapima. "Sasa hapo mama inakwenda vizuri. Utaona mpaka unyoya." Akaondoka zake.

Saa kumi mama akapiga, na sura ikatokea nzima.

Ndugu zangu, mama alilia. Alimwona mwanawe kama yupo pale sebuleni. Aliona vifungo vya shati. Aliona shavu la marehemu, lile lile, limeshajitokeza. Aliona na mvi mbili tatu juu ya sikio. Nyuma yake aliona dirisha lenye pazia la kijani, na feni ya mezani, maana Dar ni joto.

"Mwanangu! Nakuona! Una mvi, baba!"

"Shikamoo mama. Ndiyo, uzee huo."

"Marahaba. Nakuona vizuri kabisa leo. Sasa baba, utakuja lini?"

Mtoto akatazama pembeni. Kisha akasema, "Mama... unaka... mtanda... wako..." Akaganda. Mdomo wazi, mkono umeishia hewani.

Mama akageukia ukutani kuitazama ruta, taa zote zinawaka. Akarudi kwenye simu. Mtoto ameganda vile vile. Lakini nyuma yake, wapendwa, feni ilikuwa inazunguka, na pazia la kijani linapepea.

Nawaachia nafasi muelewe.

Feni inazunguka. Mtu ameganda.

Mama alisogeza simu karibu, akamtazama. Miaka minne alitamani kumtazama mtoto huyu, na sasa mtoto ametulia tuli, hapepesi, hana haraka ya kukata. Akamtazama shavu, akamtazama zile mvi, akamtazama mpaka aliporidhika, kama unavyomtazama mtoto aliyelala. Kisha akasema taratibu, "Haya baba. Mtandao umekata. Mungu akulinde." Akakata mwenyewe.

Jumatatu yule binti wa sauti tamu akapiga. "Mama, fundi ameripoti umepata kasi kamili. Umeridhika na huduma yetu?"

"Inaonyesha vizuri, mwanangu. Inaonyesha kila kitu."

"Tunafurahi kusikia hivyo, mama."

"Ila naomba unirudishe kwenye kile kifurushi cha mwanzo. Kile kilichokuwa kinakatakata."

Wapendwa, mama huyu alipigania mwaka mzima aione ile sura. Alipoipata, akaomba arudishiwe ukungu, apate tena kitu cha kulaumu ambacho si mwanawe.

Sasa sisi. Kampuni tutazilalamikia, na tuzilalamikie kweli, maana kuuza hadi kwa bei ya kamili ni wizi wenye risiti. Lakini tukimaliza kuzilalamikia, tujitazame. Nani kati yetu haishi kwa hadi? Nitamtembelea mama, hadi nipate nafasi. Nitamsamehe ndugu yangu, hadi hapa tu, zaidi ya hapo hapana. Nitamwomba Mungu, hadi usingizi unishike. Mimi mchungaji wenu nimeshamwambia mama yangu niko kikaoni, nami nimejinyoosha kwenye kochi! Mniombee, maana bado naona aibu.

Amri ya kuwaheshimu baba na mama mmeisoma tangu Kipaimara. Nionyesheni neno hadi limeandikwa wapi. Na Yule aliyetupa amri hiyo anatupigia kila siku, anatamani sura zetu kuliko mama huyu alivyoitamani ya mwanawe. Anatuuliza lile lile, utakuja lini? Nasi tunaganda. Tunasema kazi, tunasema foleni, tunasema maisha magumu, na mdomo tumeuacha wazi ili aamini.

Leo mtatoka hapa mnazo simu mifukoni, na wengine mnayo nauli. Mama yako ukimpigia akikuuliza utakuja lini, mjibu tarehe. Usigande, mwanangu. Feni inaonekana.